Mbwa Hatoki Bila Mshenga

Ukimsalimia Bwana Mifugo asubuhi kabla hajamaliza kufagia, hakuitikia. Si kwamba hakusikia. Alikuwa ameinama na fagio lake la vijiti ndani ya zizi la kwanza, mgongo kwako, na salamu yako ilimsubiri uani mpaka amalize zizi la mwisho. Hapo ndipo aliponyooka, akajifuta jasho kwa mkono wa koti, akaitikia kwa heshima zote, akauliza habari za nyumbani, za watoto, na za wagonjwa kama unao. Wageni waliondoka wamenuna. Sisi majirani zake wa Bulyaga tulishamzoea. Tulimsalimia tukaendelea na safari zetu, na tuliporudi tulilikuta jibu letu.

Mimi ni fundi cherehani, na uwanja wangu wa nyuma ulipakana na josho. Enzi za dawa ya serikali, ng'ombe wa kata nzima waliletwa hapo kuogeshwa kupe, na Bwana Mifugo alisimama juu ya ukingo wa shimo na fimbo yake, mtumishi wa umma kamili, koti la kaki na kalamu mfukoni. Ikaja miaka ya ruksa. Dawa ikawa ya kununua, ng'ombe wakapungua, shimo likakauka. Yeye naye akapunguzwa kazi. Ndilo lilikuwa neno la wakati ule: watu hawakufukuzwa, walipunguzwa. Hata mimi mitumba ilinipunguza. Nilikuwa nashona magauni ya harusi, nikajikuta nageuza kola za mashati yaliyokwisha kuvaliwa Ulaya.

Mashirika yakafungwa, maghala yakafungwa, walinzi wakarudi makwao, na mbwa wao wakabaki getini wakilinda kufuli. Bwana Mifugo alikwenda ghalani kuwaangalia tu, kwa maneno yake mwenyewe, akarudi nao. Akawafungia katika mazizi ya ng'ombe pale joshoni. Baada ya hapo habari zikaenea, kama zinavyoenea habari za mtu mwema, na watu wakaanza kumtupia kila walichokichoka: watoto wa mbwa ndani ya kiroba, mbwa aliyekatwa mguu na mtego wa waya kwenye mashamba ya chai, mbwa mwenye ukurutu asiyebakiwa na unyoya hata wa dawa. Alipokea wote huku akigomba.

Tusidanganyane, hakuwa mtu wa kubembeleza mbwa. Sikumwona hata siku moja akimpapasa mmoja kichwani au kuongea naye kwa sauti ya kitoto. Nilimwambia siku moja, "Bwana Mifugo, hawa viumbe wanakupenda, nawe unawatazama kama karani wa forodha." Akanijibu, "Fundi, huruma bila ufagio ni harufu tu." Ndiyo ilikuwa dini yake. Kila asubuhi alitoa majani makavu ya migomba waliyolalia, akayaanika kama jua lipo, na kwetu Tukuyu jua ni mgeni, kwa hiyo mara nyingi aliyabanika juu ya moshi wa jiko lake. Alikuwa amewatengenezea vichanja vya mabanzi, kwa sababu sakafu ya josho ni saruji na saruji yenye unyevu humaliza mbwa mapafu. Lile shimo alilifunika kwa magogo. Kisha aliwakagua mmoja mmoja: masikio, makwapa, katikati ya vidole. Kupe aliowang'oa aliwatia katika kopo la mafuta ya taa. Mwenye ukurutu alipakwa oili chafu ya gari iliyochanganywa na salfa, na siku hiyo hata ukipika pilau, uani kwangu palinuka gereji.

Chakula kilipikwa katika pipa lililokatwa nusu: pumba, vichwa vya usipa kutoka ziwani, mifupa. Mifupa ilitoka kwa Mzee wa Bucha, Mwislamu safi ambaye babu yake alikuja huku na biashara kutoka Pwani na asirudi tena. Wawili hao walikuwa watani wa miaka. Mzee wa Bucha alikuwa amepigilia msumari kwenye nguzo nje ya duka, ndoo ya Bwana Mifugo inaning'inia hapo, na mifupa inadondoshwa bila mkono kugusa ndoo.

"Mifupa ni sadaka," alikuwa akisema. "Lakini ndoo yako ikikanyaga kizingiti changu, nitaoga mara saba nikufuate unilipe sabuni."

"Na udongo mara moja, usisahau," Bwana Mifugo anamjibu. "Nije nikuchimbie?"

Hata hivyo, chanjo ya kichaa cha mbwa iliishi katika friji la soda la Mzee wa Bucha, ndani ya kopo lenye mfuniko, maana friji jingine la karibu halikuwako. Mteja akiuliza ni nini, Mzee wa Bucha anasema, "Hiyo ni dawa ya wakwe zangu."

Ama ukali wake, sisi watu ndio tulioula. Mwaka mmoja nilimpa viroba vya vipande vya nguo awatandikie mbwa wakati wa baridi. Nilijiona nimefanya jambo kubwa. Alasiri akaja navyo vyote, akavimwaga barazani kwangu mbele ya wateja. Alikuwa ameshika pini moja kati ya vidole. Akaketi kwenye gogo langu, akaanza kukung'uta kipande kimoja kimoja, nami kwa aibu nikaketi kumsaidia, na wateja nao wakainama wakasaidia. Tulimaliza na pini zimejaa kifuniko cha chupa. Akasema, "Ndaga fijo," asante sana ya Kinyakyusa, akabeba viroba vyake akaenda.

Lakini lililompa jina si ufagio. Ni posa. Bwana Mifugo hakugawa mbwa. Ukimtaka mbwa wa joshoni, sharti utume mshenga, kama mtu anayeposa. Mshenga aje aseme ametumwa na nani, nyumba ipi, na mbwa atalala wapi. Akiridhika, ndipo uje mwenyewe, na siku hiyo unafagia mazizi yote na kupika pipa. Mahari yako ni kuni na pumba kwa wale wanaobaki. Mbwa hakuwapa majina, alisema kila mmoja atapewa huko aendako. Joshoni mbwa waliitwa kwa walikotoka tu: wa Ghalani, wa Mnadani, wa Darajani. Na mbwa akiteswa alikoolewa, anarudi kwao.

Mji ulicheka. Walevi walimtungia wimbo kwamba anaoza mabinti wenye mikia. Wazee wa kanisa waliona anachezea ndoa takatifu. Yeye akaendelea na utaratibu wake, na polepole watu waliona una maana. Bibi mmoja wa Kisiba, ambaye ngedere walikuwa wakimmalizia mahindi, alimtuma jirani yake, kisha akaja mwenyewe kwa miguu na mzigo wa kuni kichwani. Alipofika alimwita tata, yaani baba kwa Kinyakyusa: "Nimekuja, tata. Mtu wangu ameshasema yote. Nionyeshe fagio." Nilimwona Bwana Mifugo akifurahi waziwazi. Alimpa wa Darajani, mbwa bora kuliko wote siku hiyo, akamsindikiza mpaka barabarani.

Kisha tajiri mmoja mwenye duka la jumla alikuja na gari, akaonyesha kwa kidole mbwa mkali kuliko wote. "Yule." Bwana Mifugo akaendelea kufagia. Tajiri akapiga honi. Hakuna kitu. Wiki iliyofuata akamtuma mchungaji, akidhani amemaliza mchezo, maana nani atamkatalia mchungaji? Bwana Mifugo alimpa mchungaji kiti, akamuuliza, "Mtumishi wa Mungu, umeuona uwanja wake?" Mchungaji akasema hajauona. "Mshenga ndiye anayejibu mambo yakiharibika. Nenda ukauone, kisha urudi." Mchungaji, kwa sifa yake, alikwenda. Alirudi akasema kweli kwamba kuna mnyororo mfupi na hakuna paa. Tajiri alijenga banda kabla ya kupewa mbwa, na mpaka leo mchungaji husimulia habari hiyo akihubiri juu ya ushuhuda wa uongo.

Swali lake la mwisho kwa kila mposaji lilikuwa hili: nani nyumbani kwako hamtaki mbwa? Ukisema hakuna, alikutazama mpaka ukumbuke. Ukisema mke wangu, alikurudisha. "Mlete. Mbwa hushinda na anayebaki nyumbani, hashindi na wewe." Nyumba kadhaa zilikosa mbwa kwa sababu hiyo, na ndoa moja mbili zilipata mazungumzo ambayo hazikuwa nayo.

Ni Mzee wa Bucha aliyemwambia kweli, siku moja ndoo ikiwa msumarini. "Wewe unawauliza watu wake zao. Wa kwako umewahi kumuuliza?" Bwana Mifugo alichukua ndoo akaondoka bila utani wowote. Mzee wa Bucha alihuzunika siku nzima, akaniuliza mara kwa mara kama amekosea. Nilimwambia hakukosea, ila kweli nyingine inauma hata ikisemwa na rafiki.

Mkewe alikuwa mwanamke wa kazi na maneno machache. Aliwavumilia mbwa wa Ghalani, akavumilia harufu ya oili shukani. Kilichomshinda ni msiba wa mama yake huko Kinyala. Kwetu mkwe ana nafasi yake msibani na kila jicho linaitazama. Bwana Mifugo alifika, akatoa ng'ombe wake kama inavyotakiwa, akaketi na wanaume. Asubuhi ya maziko akaletewa habari kwamba mbwa mmoja joshoni anashindwa kuzaa. Akasimama, akaondoka. Jeneza lilikuwa bado ndani. Mbwa alipona, na watoto wake karibu wote. Mkewe hakurudi tena Bulyaga. Alibaki katika nyumba ya marehemu mama yake, akalima mashamba ya mama yake, na Bwana Mifugo hakumtaja mbele yetu wala hakuthubutu kwenda.

Miaka ikapita hivyo. Kisha halmashauri ikauza lile eneo la josho kwa mtu wa kujenga ghala la ndizi. Siwalaumu, kila kitu kiliuzwa miaka hiyo. Bwana Mifugo akaambiwa awe ameondoa mbwa kabla ya mvua za masika. Watakaobaki watawekewa nyama ya sumu. Alipoletewa habari hiyo aliketi ukingoni mwa shimo, jambo ambalo hakulifanya kamwe wakati wa kazi.

"Naijua hiyo nyama," aliniambia. "Nilipokuwa kazini niliiandaa kwa mikono hii, kata hii na ile. Huwa wanakuja wakitikisa mkia."

Nilimsihi alegeze masharti. Nilimwambia, "Baba, tangaza sokoni Jumamosi, anayetaka achukue, wote watakwisha." Alinikatalia kwa ukali mpaka nikakasirika. "Binti hatolewi mlangoni kwa sababu nyumba inauzwa, Fundi. Nikiwamwaga sokoni, nitakuwa nimewapa sumu ya polepole." Nilimwita mkaidi. Nilimwita maneno mengine pia, na sioni haya, kwa sababu nilikuwa naogopa kuwaona wale mbwa wamekauka nyuma ya nyumba yangu.

Habari ikazunguka, na washenga wakaja. Walikuja kutoka vijiji ambavyo sikudhani vinamjua. Mchungaji alileta maombi ya nyumba mbili na safari hii alikuwa ameshakagua mabanda. Mazizi yakawa yanaachwa wazi moja baada ya jingine. Mwishoni wakabaki wanne ambao hakuna aliyewaposa: yule wa miguu mitatu, kipofu mmoja, na majike wawili wazee wa Ghalani ambao meno yalikwisha. Mawingu yalikuwa yameshaanza kushuka Mlima Rungwe asubuhi na kukaa.

Siku hiyo alikuja barazani kwangu amevaa koti lake la kaki, limefuliwa, na kofia mkononi. Alinisalimia yeye kwanza. Hapo nikajua kuna jambo.

"Fundi, nataka unitumikie kama mshenga."

"Kwa nani?"

"Kinyala."

Nilitaka kucheka, nikamtazama usoni, cheko likaniishia. "Mshenga mwanamke kama mimi?" nikamuuliza.

"Ninaowaombea ni mbwa. Hawatajali."

"Ni mbwa tu unaowaombea?"

Akaigeuza kofia yake mikononi. "Anza na mbwa," akasema.

Tulikwenda na pikapu ya ndizi iliyokuwa inarudi tupu, mbwa wanne nyuma pamoja naye, mimi mbele na dereva. Njia nzima nilikuwa natunga maneno na kuyafuta. Tulipofika, alibaki barabarani na mbwa wake, nami nikashuka katikati ya migomba mpaka uani. Mkewe, mama yule wa maneno machache, alikuwa anamenya maharage. Alikuwa amezeeka vizuri, ameota mvi zilizompendeza. Alinikaribisha, akaniwekea mkeka, akanisalimia kwa urefu, nami nikaitikia kwa urefu, na muda wote huo jicho lake lilikuwa limeshavuka mabega yangu likafika barabarani.

"Mama," nikasema, "nimetumwa."

"Naona."

Nikasema yote. Sikupamba. Nilisema josho limeuzwa, mbwa wanne hawana wa kuwaposa, wamezeeka, mmoja haoni. Nilisema mahali pekee anapopafikiria ni hapa, na kwamba anajua hana haki ya kupafikiria.

"Maneno hayo ya haki ni yake au ni yako?"

Nikakiri ni yangu. "Yeye hakusema kitu, mama. Alifua koti tu."

Aliendelea kumenya maharage. Manyunyu yakaanza, yale mepesi ya kwetu ambayo hayana haraka. Mwishowe akaniuliza, "Tangu siku ile, ameshafika kaburini?"

"Bado, mama. Hajakanyaga Kinyala."

Akasimama, akakung'uta maganda kwenye kanga. Nilidhani ananifukuza. Akasema, "Mbwa waingie. Yeye apitie kwanza kwa mama, akamalize alichokiacha."

Nikapanda barabarani kumpa jibu. Alilisikiliza lote na kofia mkononi, mvua ikimwangukia kichwani, akanikabidhi kamba za mbwa. Kisha akaingia migombani upande wa makaburi, mtu yule ambaye sikuwahi kumwona akitii amri ya mtu yeyote aliye hai.

Mama aliwapokea mbwa bila maneno. Aliyekuwa haoni alimshika yeye mwenyewe kwa ngozi ya shingo akamwongoza mpaka kwenye banda la ng'ombe, penye majani makavu. Akawapikia uji wa mahindi, laini, kwa ajili ya wale wasio na meno. Kupitia dirisha la jikoni tuliliona kaburi vizuri. Bwana Mifugo alikuwa amepiga magoti. Nilidhani anasali, na labda alisali mwanzoni, lakini tulipotazama tena alikuwa anang'oa magugu kwa mikono, pole pole, kuanzia kichwani kuelekea miguuni, akiyarundika kando. Koti lilikuwa limelowa limegeuka jeusi. Mama alisimama na mwiko mkononi, akamtazama muda mrefu mpaka uji ukashika chini ya sufuria, na machozi yalimtoka bila kuyafuta. Mimi nililia pia, sikuona sababu ya kujizuia.

Mama akaweka kikombe cha tatu mezani, kando ya chake na changu.

"Mshenga," akaniambia, "nenda ukamwite mtu wako. Atapata homa."